Gitaa la Umeme Nyumbani: Ukimya wa Spika na Uhai wa Mpigaji

Wapigaji wengi wa gitaa la umeme, Kitale kwa Bungoma, wanaijua hali hii. Amplifaya imewashwa, wimbo haujaanza, na tayari mvumo mzito umejaa chumbani. Mpigaji akilaza kiganja juu ya nyuzi, mvumo unapungua au unatoweka. Akiondoa mkono, unarudi. Watu huizoea hadi ikaonekana ndiyo tabia ya gitaa. Lakini katika kule kugusa nyuzi ndiko swali zima la usalama wa chombo hiki lilipo. Mkono unazima kelele kwa sababu nyuzi zimefungwa kwa waya hadi kwenye chuma cha amplifaya, na chuma hicho kimefungwa hadi kwenye soketi ya ukutani. Njia hiyo hiyo inayoleta ukimya inaweza kuleta volti 240 vidoleni.

Kwa hiyo nasema mapema: kazi hii wengi wanaianzia mwisho. Kelele ikizidi, mpigaji hutafuta foili, hufungua gitaa, hulehemu nyaya, hulifunga tena, na soketi anayoitumia kila siku haiulizi lolote. Ingefaa aanzie ukutani, kisha ekstensheni, kisha amplifaya, na gitaa liwe la mwisho.

Magharibi ya Kenya ililipenda gitaa kabla stima haijafika vijijini. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alipiga mtindo wa omutibo kwa gitaa la mbao, na chupa ya soda ikigongwa pembeni kushika mwendo. Waya wa stima haukuhusika popote. Katika miaka hiyo ya 60, Daudi Kabaka na wenzake wa Equator Sound Band walikuwa wakirekodi Nairobi kwa gitaa la umeme, na benga ikaja na gitaa lake kali la sauti ya juu. Leo mpigaji wa kawaida huku kwetu ni kijana wa kwaya au wa bendi ya kanisa anayefanya mazoezi nyumbani jioni. Stima nayo imesambaa kwa kasi. Mradi wa Last Mile ulioanza mwaka 2015 uliwalenga wakazi walio ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma, kwa ada ya shilingi 15,000. Baadhi ya nyumba zilizounganishwa hivyo hazikuwa na nyaya ukutani. Zilipewa bodi moja iliyokamilika, yenye taa na soketi zake. Kwa familia kama hizo stima yenyewe ni ngeni, na sasa gitaa la umeme limekuja juu yake.

Tuanze na kelele, kwa sababu ndiyo inayomfanya mtu atafute bisibisi. Si ya aina moja, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Kuna kelele ya uga wa umeme. Kila waya wenye stima, uwe ndani ya ukuta, kwenye taa au kwenye ekstensheni, umezungukwa na uga huo, na mwili wa mtu aliyeketi karibu hufanya kazi ya eriali: unaunasa na kuupeleka kwenye nyaya za ndani ya gitaa. Hii ndiyo inayokufa unapogusa nyuzi, maana mwili wako sasa umefungwa na graundi, yaani kile chuma cha amplifaya, na hauna tena cha kupeleka. Kuna kelele ya uga wa sumaku, inayotoka kwenye transfoma ya amplifaya, mota ya kinu cha posho, au mashine ya welding ya fundi wa jua kali aliye nyuma ya nyumba. Koili ya pikapu imetengenezwa ili inase mabadiliko ya sumaku yanayoletwa na nyuzi zikitikisika. Haina namna ya kutenga ya nyuzi na ya mota. Hii haijali mguso, ila hubadilika ukigeuza gitaa upande mwingine wa chumba. Kuna pia masafa ya redio: simu ikikaribia kulia, spika hutoa mlio wa kukatakata, na kebo mbovu inaweza kuingiza hata matangazo ya stesheni iliyo karibu. Na kuna kelele isiyotoka kwenye gitaa kabisa.

Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuondolewa shakani kwanza. Chomoa kebo kwenye amplifaya. Mvumo ukibaki vilevile, foili yote ya Kenya haitausaidia; tatizo ni amplifaya au stima inayoilisha. Ukiisha, rudisha kebo na ushushe poti ya sauti ya gitaa hadi sifuri. Kelele ikibaki, shuku kebo na jeki. Ikiondoka, ndipo uanze kuchunguza gitaa. Mguso wa nyuzi nao una mengi ya kusema. Ukigusa chuma cha jeki kelele inapungua, lakini ukigusa nyuzi haipungui, waya unaotoka kwenye daraja la nyuzi umekatika. Ukigusa nyuzi kelele ikaongezeka, yaelekea nyaya mbili za jeki zimelehemiwa kinyume. Nimeona magitaa yaliyojazwa foili kila kona, na ugonjwa wao ulikuwa ni waya mmoja uliolegea chini ya daraja.

Sasa foili inafanya nini? Michael Faraday alionyesha mwaka 1836 kwamba kizimba cha chuma huzuia uga wa umeme wa nje usiingie ndani. Vishimo vya gitaa vikifunikwa kwa foili iliyoungana pande zote na kufungwa na graundi, nyaya za ndani zinakuwa katika kizimba cha namna hiyo, na kelele ya aina ya kwanza hushuka sana. Kwa sumaku mambo ni mengine. Ili shaba ipunguze vya kutosha uga wa sumaku wa hezi 50, inatakiwa kuwa na unene wa milimita tisa hivi au zaidi. Foili ya gitaa haifikii hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiwa jirani ya kinu cha posho na gitaa lako lina pikapu za koili moja, foili haitakunyamazishia mota. Dawa ya hilo ilipatikana mwaka 1955, pale Seth Lover wa kampuni ya Gibson alipobuni pikapu ya koili mbili zilizopangwa kinyume, mvumo wa koili moja ukafuta wa nyingine. Katika magitaa mengi ya mtindo wa Stratocaster, yale yenye pikapu tatu za koili moja, pikapu ya kati imezungushwa kinyume, hivyo swichi ikikaa nafasi ya pili au ya nne mvumo hupungua bila kununua chochote. Nafasi ya kuketi pia ina maana: sogea mita mbili kutoka kwenye amplifaya, geuka kidogo, sikiliza.

Kazi ya kukinga inawezekana nyumbani na haina hatari kubwa, mradi gitaa limechomolewa kebo. Pikapu ya kawaida haizalishi hata volti chache. Ndani ya gitaa hamna cha kuua. Amplifaya ni habari nyingine. Ile ya vali huhifadhi mamia ya volti katika kapasita zake hata baada ya kuchomolewa, na mtu asiyefunzwa asiifungue kamwe. Mpaka huo usivukwe: gitaa fungua mwenyewe, amplifaya mpelekee fundi.

Foili ya shaba yenye gundi mgongoni ndiyo bora, kwa sababu inashika risasi ya kulehemu. Ni rahisi zaidi kuitafuta kwenye maduka ya elektroniki ya barabara ya Luthuli, Nairobi, au kuiagiza mtandaoni, kuliko kuikuta Kitale. Foili ya aluminiamu ya jikoni ipo katika kila supamaketi na inakinga uga wa umeme vizuri, lakini risasi haishiki juu yake. Waya wa graundi itabidi ubanwe kwa skrubu na washa, na kiungo hicho kikaguliwe mara kwa mara kwa sababu aluminiamu huota ngozi isiyopitisha umeme. Kuna pia rangi nyeusi yenye kaboni inayopakwa kwa brashi. Inatosha, na ni rahisi zaidi kwenye pembe za mviringo.

Piga picha ya nyaya kabla hujagusa lolote. Legeza nyuzi, ondoa bamba la plastiki, safisha vishimo, kisha bandika foili sakafuni na kwenye kuta zake, kila kipande kikilalia kingine. Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani huharibika: gundi ya foili nyingi haipitishi umeme, hivyo vipande viwili vinavyoonekana vimeshikana vinaweza kuwa havijaungana. Tone la risasi kwenye kila kiungo linamaliza shaka. Pima kwa multimita kutoka pembe moja hadi ya mbali zaidi, na usomaji uwe karibu na sifuri. Foili ya nyuma ya bamba lazima iguse ya kwenye vishimo pindi skrubu zinapokazwa. Pale nyaya na mguu wa jeki unaobeba sauti vinapokaribia foili, weka utepe wa kuhami. Vikigusana, gitaa litanyamaza kabisa na utadhani umeunguza pikapu. Lehemu karibu na dirisha lililo wazi, na unawe mikono kabla ya kula, kwani risasi nyingi za kulehemu zina madini ya risasi yenyewe.

Wapo wanaosisitiza kwamba nyaya zote za graundi ndani ya gitaa zikutane katika nukta moja, la sivyo zitafanya kitanzi cha kelele. Ni utaratibu mzuri na hauna ubaya, lakini vitanzi vya ndani ya gitaa ni vidogo mno. Mara nyingi anayefuata ushauri huo hupata ukimya kwa sababu amelehemu upya viungo vilivyokuwa vibovu. Ningempa mpigaji wa benga onyo jingine kabla ya hilo: kila mita ya kebo hupunguza kidogo zile sauti za juu anazozitaka. Kebo fupi na nzuri itamfaa kuliko safu ya pili ya foili.

Kizimba sasa kimefungwa na graundi. Graundi hiyo imefungwa na nini?

Ndani ya gitaa hakuna udongo. Waya wa graundi hutoka kwenye daraja, ukapita jekini, ukafuata ganda la kebo hadi kwenye chuma cha amplifaya. Kutoka hapo, ikiwa amplifaya ni ya plagi ya miguu mitatu, waya wa ethi huenda hadi kwenye mguu mrefu wa plagi, ukaingia soketini, ukafuata nyaya za nyumba hadi kwenye fimbo iliyopigwa ardhini. Mnyororo huo ukiwa mzima, stima ikivuja kwenye chuma cha amplifaya hupata njia ya kwenda ardhini bila kupitia mtu. Ukikatika popote, chuma hicho na nyuzi zote za gitaa hubaki vikisubiri mtu wa kuvipitishia. Naye mpigaji ni mtu wa namna ya pekee: viganja vyake vina jasho, vinakaza chuma kwa saa nzima, na midomo yake iko kwenye maikrofoni iliyofungwa na kifaa kingine kabisa.

Hayo yameua watu wanaojulikana. Mei 1972, mjini Swansea huko Wales, Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika maikrofoni jukwaani huku gitaa likiwa mikononi mwake, ethi ikiwa mbovu, na akafa mbele ya watazamaji. Mei 1976, Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds, alikufa akipiga gitaa nyumbani kwake London. Narudia: nyumbani. Jukwaa kubwa angalau lina fundi wa kulikagua. Chumba cha kulala hakina.

Mtu atauliza, fyuzi ina kazi gani? Fyuzi inalinda waya usiungue. Ya plagi zetu huwa na ampia 13 kwa kawaida. Mwili huanza kuhisi stima ikifika karibu miliampia moja. Ikifika kumi hivi misuli ya mkono hukaza na mtu hawezi kuachia. Ikipita thelathini na kupitia kifuani, moyo unaweza kupoteza mwendo wake. Ampia 13 ni zaidi ya mara 400 ya hizo thelathini. Mpigaji atakufa na fyuzi ibaki nzima.

Hata ethi peke yake haitoshi. Chukua nyumba inayotegemea fimbo yake yenyewe, na fimbo hiyo ina ukinzani wa omu 100, jambo la kawaida pale inapokuwa fupi au udongo umekauka. Waya wa moto ukigusa chuma cha amplifaya, mkondo utakaokwenda ardhini ni 240 kugawanya kwa 100, yaani ampia 2.4. Fyuzi ya 13 haitastuka, breka ya soketi haitaanguka, na chuma kitabaki na takriban volti zote muda wote huo. Huku kwetu ukavu wa kuanzia Desemba hadi Februari hupandisha ukinzani wa udongo. Fimbo iliyopimwa Mei wakati wa mvua si ile ile mwezi wa Januari. Halafu kuna wizi. Waya wa shaba unaoteremka kwenye fimbo unauzika, na biashara ya vyuma chakavu ilikuwa imefika mahali ambapo mnamo Januari 2022 serikali iliisimamisha kwa miezi kadhaa baada ya miundombinu ya umeme kuharibiwa. Zunguka nyuma ya nyumba yako leo uangalie kama waya huo bado upo.

Kinachoziba pengo hilo ni swichi ya RCD ya miliampia 30. Kazi yake ni kulinganisha mkondo unaotoka na unaorudi. Unaorudi ukipungua kwa kiasi hicho, maana yake kuna mahali unapovujia, na swichi hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ina kitufe cha majaribio, na kitufe hicho kibonyezwe mara kwa mara. Nyumba nyingi za zamani hazina RCD. Kama huwezi kubadilisha bodi nzima, ipo ya kuchomeka kwenye soketi moja, na kwa mpigaji wa gitaa sijui fedha inayotumika vizuri zaidi ya hiyo.

Tabia zinazovunja mnyororo wa ethi zinajulikana. Mtu anapenyeza kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie. Ekstensheni imeundwa kwa waya wa nyuzi mbili, ingawa nje ina matundu matatu ya kuvutia. Amplifaya ya mitumba kutoka Marekani imewekwa juu ya transfoma ya kushusha volti ambayo haina ethi kabisa. Mbaya kuliko zote ni hii: mvumo umezidi, mtu fulani anasema ethi ndiyo inayoleta mvumo, na mguu wa ethi unakatwa au waya wake unang'olewa ndani ya plagi. Mvumo unaisha kweli, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kila mtu anafurahia matokeo.

Kisa cha mvumo wa aina hiyo kinaeleweka. Amplifaya imechomekwa soketi moja, mikisa imechomekwa nyingine upande wa pili wa ukumbi, na kebo ya sauti inaziunganisha. Njia mbili za ethi zinafanya kitanzi kikubwa kinachonasa mvumo. Tiba ni kulisha vyote kutoka sehemu moja, kwa ekstensheni nzima yenye ethi. Kama haiwezekani, kisanduku cha DI chenye swichi ya kutenga graundi huondoa kitanzi kwenye kebo ya sauti na kuacha ethi ya stima mahali pake. Kukata ethi ya plagi hakuna pa kuhalalishwa, nyumbani wala kanisani, hata kwa wimbo mmoja.

Wapo waliotafuta kumlinda mpigaji kutoka ndani ya gitaa, kwa kuweka kapasita kwenye waya unaotoka kwenye daraja. Fikra yenyewe ni nzuri: kelele ndogo ipite, mkondo mkubwa uzuiwe. Lakini tufanye hesabu. Kapasita ya mikrofaradi 0.33, ambayo imependekezwa na wengi, kwa stima ya hezi 50 ina ukinzani wa omu 9,600 hivi. Kwa volti 240 inapitisha miliampia 25. Hizo zinatosha kumnasa mtu asiweze kuachia. Ya mikrofaradi 0.01 hupitisha chini ya miliampia moja, na hapo ulinzi unaanza kuwa na maana, ilimradi ni kapasita ya usalama ya kundi la Y, iliyotengenezwa kuhimili stima ya ukutani. Hata hiyo inalinda nyuzi tu. Skrubu za chuma, bamba la jeki na vifuniko vya pikapu bado vimefungwa moja kwa moja na graundi, na maikrofoni ikiwa ndiyo yenye kosa, mguso mmoja wa jeki unatosha. Nayaheshimu majaribio hayo, ila mtu asiyachukue kuwa badala ya ethi na RCD. Kama mtu anataka kutenga mwili wake na amplifaya, kuna njia safi zaidi. Pikapu za EMG zenye betri hazihitaji nyuzi zifungwe na graundi. Na kifaa cha kurusha sauti bila waya huondoa kabisa njia ya chuma kati ya mpigaji na amplifaya. Hiyo ndiyo kinga ya uhakika kwa anayepiga katika kumbi asizozijua.

Ule mnyeo mdogo ambao watu huuhisi vidoleni nao usipuuzwe. Chaja ya laptopu au ya kinanda yenye miguu miwili ina kapasita ndogo ndani inayovujisha mkondo hafifu. Unahisi kama sisimizi, na peke yake mara nyingi haina madhara. Lakini vifaa vyenye plagi ya miguu mitatu navyo vina kapasita za kuchuja stima zinazotegemea ethi. Vikichomekwa mikisa, kompyuta na amplifaya mbili kwenye ekstensheni moja iliyokatika ethi, kila kimoja huongeza uvujaji wake kwenye chuma cha pamoja, na mnyeo unageuka kuwa pigo. Kwa hiyo mnyeo ni taarifa: simamisha mazoezi, tafuta ethi ilipokatikia.

Penye jenereta hesabu hubadilika. Jenereta ndogo ya mkutano wa injili au ya matanga mara nyingi haijafungwa na ardhi popote. Kosa la kwanza linaweza kupita kimya bila kumdhuru mtu, na RCD isione lolote. Kosa la pili, kwenye kifaa kingine, ndilo linaloua. Kufunga jenereta na ardhi kwa njia inayoifanya RCD ifanye kazi ni shughuli ya fundi mwenye leseni. Inveta ya sola ya bei nafuu, isiyotoa wimbi laini, humwaga kelele ambazo hakuna foili inayozimaliza. Ya wimbi laini hupunguza sana tatizo hilo. Na huku kati ya Mlima Elgon na Cherangani, mvua ya alasiri huja na radi. Radi ikianza kusikika chomoa plagi ukutani na uweke gitaa chini. Hakuna RCD wala kizimba cha shaba kinachoshindana nayo.

Kwa anayeishi nyumba ya kupanga na hana mamlaka juu ya nyaya za mwenye nyumba, ipo njia ya kufanya mazoezi bila kuitegemea soketi: amplifaya ndogo ya betri au ile ya kuchomeka vipokea sauti vya masikioni, ichajiwe kwanza, kisha ichomolewe chaja kabla ya kupiga. Ikibidi utumie soketi, nunua kipimo kidogo chenye taa tatu kinachoonyesha kama ethi ipo na kama nyaya hazijabadilishana. Hakitakwambia fimbo ina ukinzani gani, lakini kitakufichulia soketi ambayo haina ethi kabisa, nazo ni nyingi. Kabla ya kuimba na kupiga kwa pamoja, weka multimita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi za gitaa, nyingine kwenye wavu wa maikrofoni. Ikionyesha zaidi ya volti chache, usiguse vyote viwili hadi sababu ipatikane.

Kinachobaki hakifanyiki kwa bisibisi ya mpigaji. Chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, kazi ya nyaya za stima ni ya fundi aliyepewa leseni na EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, na una haki ya kumwomba akuonyeshe leseni kabla hajafungua bodi. Mwombe apime ukinzani wa fimbo kwa kifaa chake na akuandikie alichokisoma. Trans Nzoia ina Kitale National Polytechnic, Bungoma ina chuo cha Sang'alo. Wakufunzi na wanafunzi wa umeme wa vyuo hivyo wanaweza kuombwa wakague kumbi za ibada kama sehemu ya mafunzo yao, chini ya fundi mwenye leseni, na sioni sababu ya kamati za makanisa kutowaandikia barua.

Ombi langu la mwisho ni kwa kamati hizo na kwa wazazi. Fedha za foili, za pikapu mpya, za spika kubwa zaidi, zisubiri. Wekeni RCD ya miliampia 30 kwenye soketi inayolisha amplifaya, mthibitishe kwamba ethi inafika ardhini, mtupe kila ekstensheni ya nyuzi mbili. Mpaka hayo yafanyike, kijana asikabidhiwe gitaa la umeme na maikrofoni kwa wakati mmoja.